Aliyebeba Mate ya Mfalme

Holualoa, Kona
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mdogo wangu Uilani,

Salamu nyingi zishuke kutoka huku mlimani, kisiwani kwetu, zikufikie huko jangwani, wewe na shemeji Makoa na wanao wote wawili. Natumai kifua cha shemeji kimetulia, na kwamba joto la Nevada halijaanza kuwachoma kabla ya wakati wake. Sisi huku tunapumua. Kahawa imechanua wiki hii, mashamba yote meupe kama yamemwagiwa unga, na harufu yake imeingia mpaka kwenye makabati ya nguo. Jirani yetu Mzee Teruya anasema mwaka huu matawi yatavunjika kwa mzigo. Mimi bado niko kwenye jiko la shule, na watoto bado wanakula wali na kuniachia mboga.

Najua umeshangaa kuona bahasha. Sisi ni watu wa simu. Lakini kwenye simu wewe unauliza, mimi najibu nusu, halafu unaniita malaika na mazungumzo yanaishia hapo. Safari hii nimeagizwa niandike, na aliyeniagiza utamjua kabla hujamaliza kusoma. Habari za Mama nitakupa kwa mapana huko mbele. Nivumilie, maana nikianza na yeye sitaweza kuendelea.

Nianze na binamu yetu Nahulu. Unamjua alivyo: akipiga chafya, ukoo mzima unatakiwa uitike. Tangu astaafu benki amejitwika kazi ya kutafuta mababu. Mkutano wa ukoo ni mwezi wa saba, na tayari amechapisha fulana sitini za njano, ile njano ya majoho ya manyoya ya wafalme, mgongoni zimeandikwa "Uzao wa Mshauri wa Mfalme." Huyo mshauri ni babu yetu wa mbali, Paahana. Bibi alikuwa akimtaja, unakumbuka, kwamba alikuwa mtu wa karibu sana wa mfalme wa zamani, hakumwacha hata hatua kumi. Bibi hakusema alikuwa akifanya nini pale karibu. Nahulu akajaza mwenyewe.

Jumamosi moja mwezi uliopita akanipigia simu asubuhi, sauti imepanda kama ya mtu aliyeshinda bahati nasibu. Akasema kule mjini, kwenye jumba la kifalme la ufukweni, wameweka maonyesho mapya ghorofani, na kuna karatasi ya zamani yenye majina ya watu waliokaa na mfalme, na jina la Paahana limo. "Vaa vizuri, Leimomi," akaniambia. "Leo hatuendi kutalii, leo tunakwenda kwetu." Mimi nilikuwa na sababu yangu ya kutaka kutoka nyumbani asubuhi ile, na nitaitaja. Nikavaa gauni la kanisani, nikajipulizia marashi mara mbili, nikaingia kwenye gari lake.

Meli ya watalii ilikuwa imetia nanga, kwa hiyo jumba lilijaa. Tulivua ndala mlangoni, tukaingia miguu mitupu. Mwongozaji wetu alikuwa Shangazi Haleaka, yule mama mnene aliyewahi kufundisha nusu ya watu wa Kona kusoma na kuandika. Sasa ana miaka sabini na ushei na anatembea kwa fimbo, lakini sauti bado ni ile ya kunyamazisha darasa. Alitueleza jinsi jumba lilivyojengwa kwa mawe ya volkano na chokaa ya matumbawe, nani alilala chumba kipi na nani alifia humo, jinsi ukoo wa kifalme ulivyokatika, vitanda na meza vikapigwa mnada, na jinsi akina mama wa hapa walivyofuata kipande kimoja kimoja kwenye majumba ya watu wakikirudisha. Nahulu alisimama mbele kabisa, akimalizia sentensi za Shangazi kana kwamba yeye ndiye mwenye nyumba.

Mimi nilikuwa nyuma, nanusa mkono wa gauni langu. Nilihisi kuna harufu imenifuata kutoka nyumbani. Kila nilipoinamisha pua nilikuta marashi tu, lakini nikiinua kichwa, harufu ipo.

Chumba cha pili kulikuwa na kabati la kioo, ndani yake bakuli la mti, jeusi kwa umri, limepachikwa vitu vidogo vidogo ubavuni. Mtalii mmoja aliuliza kama ni vipande vya kombe. Shangazi akamwambia hapana, ni meno. Meno ya watu. Akaeleza kuwa mfalme akila alitupa humo miiba ya samaki na mabaki yake, na meno yale yalikuwa ya watawala wenzake aliowashinda vitani. Hayo ndiyo yalikuwa matusi yake kwao, kwamba hata wakifa waendelee kupokea makombo yake kila siku, asubuhi na jioni. Mdogo wangu, meno yale si meupe tena. Yana manjano, na moja limetoboka katikati kama jino la mtu yeyote aliyewahi kuumwa jino. Nililitazama lile lenye tundu na mate yakanijaa mdomoni, yale mate mepesi yanayokuja kabla ya kutapika. Ilinibidi nigeukie dirisha.

Nahulu hakugeuka. Alisogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. "Hiyo ndiyo heshima," akasema kwa sauti ya kusikika. "Siku hizo mtu alijua nani ni nani."

Tukapanda juu. Kwenye kona ya chumba cha kusini palikuwa na meza ndogo yenye bakuli jingine, hili dogo, laini, lenye mfuniko, halina pambo lolote. Ukutani karatasi yenyewe imewekwa ndani ya fremu. Shangazi alisema iliandikwa na mke wa mmisionari mmoja aliyefika zamani sana, ambaye kila kitu cha watu wetu kilimtia kinyaa, na kwa sababu ya kinyaa hicho alikiandika chote. Akaanza kutusomea. Mbeba mkuki. Mfukuza nzi usingizini. Mkandaji wa miguu. Mlinzi wa mlango. Halafu akasoma: "Paahana, mtu mzima mwenye nguvu zake, ambaye hana kazi nyingine duniani ila kumfuata mfalme na bakuli la mate, na kumwaga uchafu wa mwili wake."

Watalii walicheka. Bwana mmoja mwenye kofia akainua simu yake akalipiga picha lile bakuli dogo, akamwambia mkewe kitu, naye akafanya uso wa mtu aliyekanyaga kinyesi. Na mimi, Uilani, nilicheka pia. Nilicheka kwa sababu ya uso wa Nahulu. Ulikuwa umebadilika rangi kama pweza.

Alijikaza, akamuuliza Shangazi kama hapana kosa la tafsiri. Labda iliandikwa "mshauri." Shangazi akamjibu kwa upole kuwa neno la mate ni neno la mate, halina nduguye. Nahulu akasema basi yawezekana ni Paahana mwingine. Shangazi akamuuliza ukoo wake ni wa bonde gani, Nahulu akataja, na Shangazi akatikisa kichwa kukubali: ni huyo huyo. "Mtumwa!" Nahulu akafoka. "Unataka kuniambia babu yangu alikuwa mtumwa wa kubeba makohozi?"

Basi Shangazi akaegemea fimbo yake, akamwambia maneno ambayo nimeyashika kama yalivyo: "Mwanangu, mfalme alikuwa na washauri wengi, na kila mmoja alimshauri anavyotaka. Mtu wa kumwachia mate yake alikuwa huyu."

Akatueleza sababu. Mate ya mfalme, kucha zake, nywele zake, choo chake, vyote vilikuwa uhai wake. Adui akipata hata tone angempelekea mchawi, na mfalme angekufa taratibu bila kujua kapigwa wapi. Kwa hiyo mwenye bakuli alikuwa ameshika roho ya mfalme mkononi kutwa nzima. Alilala mlangoni. Alfajiri alipeleka yale ya jana baharini, mbali, mahali pasipojulikana, akayazamisha. Machifu wengine walimpa mashamba wamnunue, akakataa. Mfalme alipougua uzeeni, akawa hawezi kujizuia, Paahana hakuruhusu mkono mwingine umguse. Na mfalme alipokufa, yeye na mwenzake mmoja ndio walioingia naye kwenye nyumba iliyofungwa. Walimlaza kwenye shimo la kina kifupi, wakamfunika kwa majani ya mgomba na udongo, wakawasha moto mdogo juu yake siku kumi, mpaka nyama ikaachana na mifupa. Halafu wakaitenga kwa mikono. Mifupa wakaiosha na kuifunga, wakaificha. Na ile nyama, iliyokuwa imeharibika, wakaibeba wakaitupa baharini.

Mama mmoja mtalii alitoka chumbani ameziba mdomo. Nahulu akanishika mkono kunivuta. Mimi ile harufu ya nyumbani ilikuwa imenipanda mpaka machoni. Nilikuwa nimekasirika. Nilichukizwa na yule mama kizee mwenye fimbo, kwa nini anawaambia watu mambo haya mchana kweupe, na wengine hatujala.

Nahulu alishuka moja kwa moja ofisini. Nilimsikia akimwambia binti wa mapokezi kuwa maandishi ya ukutani yanadhalilisha ukoo na yabadilishwe, waandike "mhudumu wa karibu," na binti akampa fomu ya kujaza kwa heshima zote. Wakati anajaza, mimi nilitoka kwenye baraza la nyuma linalotazama bahari nipate hewa. Shangazi Haleaka alikuwa amekaa pale anakula wali wake wa mchana uliofungwa kwa mwani. Akanisogezea kiti. Akaniambia aliona nilivyogeukia dirisha kule chini.

Nikamuuliza, na sijui kwa nini nilimuuliza kwa ukali, kwamba huyo Paahana kweli hakuona kinyaa?

Alicheka mpaka punje zikamruka. "Nani kakwambia hakuona? Wewe unadhani pua ya zamani ilikuwa ya mbao?" Akasema bibi yake alimsimulia kuwa Paahana alitapika kila alfajiri akirudi kutoka baharini. Watu wa pwani walikuwa wakimsikia. Anatapika, anasukutua kwa maji ya chumvi, anarudi. Akamalizia chakula chake, akakunja karatasi, akaniuliza Mama hajambo, maana alifanya naye kazi zamani hotelini wakati wa likizo za shule.

Nikamwambia hajambo.

Sasa nimefika pale nilipokuwa naogopa, Uilani. Tafadhali kaa chini kama umesimama.

Asubuhi ile kabla Nahulu hajanipigia, niliingia chumbani kwa Mama na chai. Nilipofungua mlango tu nikajua amejichafua, na si kidogo. Nilisimama pale nimeshika kikombe. Yeye alikuwa amelala ubavu, uso ukutani. Niliweka chai juu ya kabati, mahali ambapo mkono wake usiopooza haufiki, nikamwashia redio, nikatoka, nikafunga mlango. Simu ilipolia niliishika kama mtu anayezama. Niliondoka saa tatu asubuhi nikarudi saa tisa alasiri. Masaa sita nilikuwa naangalia mabakuli.

Na isingekuwa siku hiyo tu ningekuambia kwa simu. Tangu Novemba mpaka siku ile, mdogo wangu, sikuwa nimemgusa Mama. Yule muuguzi, Pilialoha, anakuja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Yeye ndiye anayemwosha. Siku nyingine nilimwacha Mama alale hivyo hivyo. Ijumaa nilimwomba Pilialoha amvalishe nepi mbili, moja juu ya nyingine, nikimwambia Mama ndiye anayependa hivyo. Nilipozidiwa kabisa nilimwita mke wa Teruya, nikimsingizia mgongo. Na wewe ukanitumia dawa ya kuchua na ule mkanda. Mgongo wangu hauna neno. Ule mkanda uko kwenye boksi lake.

Ulipokuja Krismasi ukamkuta amepakwa mafuta, nywele zimesukwa, shuka zinanukia jua, ukalia, ukanikumbatia, ukasema kanisani mbele ya watu kuwa dada yako anamtunza mama yenu kwa mikono yake miwili. Pilialoha ndiye aliyefanya yote yale asubuhi hiyo. Nilimwomba aje siku isiyo yake. Mimi nilipika nguruwe.

Sitafuti kisingizio. Huko kwenu mtasema labda ni uchovu, labda ni huzuni. Ni kinyaa. Kiharusi kilipomwangusha nilidhani ningeweza; wiki za kwanza niliweza. Halafu siku moja mikono ilikataa. Nilikuwa nikimwona anakula, nafikiria kile chakula kinakwenda wapi, nikampunguzia. Soma tena hapo kama hukuelewa. Nilimpunguzia Mama chakula ili apunguze choo. Mama aliyesugua vyoo vya watalii miaka thelathini na moja tupate viatu vya shule.

Siku ile Nahulu alinirudisha nyumbani huku njia nzima akiongea. Akasema mambo ya ghorofani yasifike kwenye mkutano wa ukoo, fulana zimekwisha chapishwa, tutaendelea na "mshauri." "Wewe na mimi tu ndio tunaojua, Leimomi. Kitu kama hicho hakitajwi mbele ya wakwe." Kwenye kona ya kanisa akashusha kioo akatema mate nje, akapandisha kioo, akaendelea. Nilimwona mchafu, halafu nikajiona mimi, na ningependa kukuambia kuwa roho yangu ilibadilika pale garini, lakini haikubadilika. Niliposhuka nilikaa kwenye ngazi za nje muda mrefu nikitafuta namna ya kutoingia.

Nilipoingia, redio ilikuwa inatoa mlio wa mvumo tu, stesheni imehama. Chai iko palepale juu ya kabati, ina utando. Mama alikuwa katika ubavu uleule. Nilivaa glavu mbili mbili, nikafunga kitambaa puani, nikajaza beseni. Nilipofungua zile nepi nilikimbilia dirishani nikatapikia nje kwenye maua. Nikarudi. Nikatapika tena, safari hii kwenye ndoo, kwa sababu sikuwahi dirisha. Ndipo Mama akasema, kwa ule ulimi wake mzito, "Tapika huko huko. Usije ukanitapikia mimi, mimi peke yangu natosha."

Sikujua kama nicheke au nilie, nikafanya vyote, na kitambaa kikaniziba pumzi, nikakivua. Nilimwosha. Ilichukua zaidi ya saa nzima kwa sababu nilikuwa natoka na kurudi. Na nilipomgeuza nikakiona kidonda. Kiko kwenye nyonga ya kushoto, upande ule asiousikia vizuri. Kina upana wa mfuniko wa kikombe, katikati cheusi, pembeni kinatoa maji, na harufu iliyokuwa ikinifuata kule jumbani, ile niliyodhani ni ya choo, ilikuwa ya kidonda. Pilialoha baadaye alisema mwanzo wa wiki kilikuwa wekundu tu, Ijumaa ngozi ikawa imefunguka, na alinionyesha. Kweli alinionyesha. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikasema nimeona.

Nilimwomba Mama msamaha nikiwa nimepiga magoti pale, mikono imelowa. Nikamwambia sikujua kama imefikia hivi. Akanitazama. Akasema, "Mlango nausikia, Leimomi. Kila asubuhi nausikia unafungua, nausikia unasimama, nausikia unafunga." Akapumzika, maana sentensi ndefu zinamchosha. "Nilikuwa nahesabu mpaka mia, labda utarudi."

Tulimpeleka hospitali siku ileile, mimi na Mzee Teruya. Walimlaza siku tano, wakakata nyama iliyokufa, wakampa dawa ya kupitishwa kwenye mshipa. Ulipopiga simu Jumanne nikasema amelala, alikuwa amelala kweli, ila kitanda cha hospitali. Daktari ni binti mdogo, hakunipigia kelele. Aliandika tu kila nilichosema. Mtu wa ustawi wa jamii amekuja nyumbani mara mbili, amefungua jokofu, ameangalia shuka, amemhoji Mama mimi nikiwa nje. Sijui Mama alimwambia nini. Hawajamchukua, bado yuko nyumbani, na Pilialoha sasa anakuja siku tano. Kidonda kinapona kutoka ndani kwenda nje, wanasema, miezi mitatu, labda minne, kama hakitachafuka.

Siku nyingine zote naosha mimi, asubuhi na jioni. Usije ukaniita malaika tena. Kinyaa hakijaondoka. Bado natapika, si kila siku, lakini bado. Kuna asubuhi nasimama mlangoni na mguu haunyanyuki, na Mama kule ndani anaanza kuhesabu kwa sauti ili nisikie: moja, mbili, tatu. Jana alifika arobaini. Aliniambia ni aibu, Jumapili iliyopita alikuwa ameishia kumi na tisa.

Nahulu alikuja kumwona wiki iliyopita na maua na keki ya nazi. Alikaa mwisho wa chumba, leso puani. Mama, ambaye nilikuwa nimemsimulia habari za jumbani, akamuuliza zile fulana zimefikia wapi. Nahulu akajikunyata, akasema zipo. Mama akamwambia anataka moja, lakini ile ya mgongoni ifutwe, iandikwe kazi aliyoifanya yule mzee. Nahulu akadhani ni kiharusi kinaongea. Aliondoka hata keki haijakatwa.

Aliyeniagiza niandike barua hii ni Mama. Alisema, "Mwambie Uilani. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi, na mimi sina ulimi wa kupunguza." Alisema niandike, nisipige simu, na nimsomee kabla sijafunga bahasha. Nimeandika siku nne. Ukitaka kuja kumchukua, njoo. Sitasimama mlangoni kukuzuia, na sanduku lake nitalifunga mwenyewe. Ukitaka kuja kunitukana, pia njoo. Mke wa Teruya ameshajua ukweli wa mgongo wangu na tangu siku hiyo ananisalimia kwa kidevu tu. Hata hilo nimelizoea.

Leo baada ya kanisa nimemsomea yote, toka kahawa mpaka hapa. Alisikiliza amefumba macho. Alinisimamisha mara mbili. Mara ya kwanza ni pale nilipokuwa nimeandika kuwa kidonda ni kidogo. "Futa," akasema, nami nikafuta, ndiyo maana hapo karatasi imechanika. Mara ya pili ni hapa mwishoni, nilipokuwa nimekuomba wewe unisamehe. Akafumbua macho. Akasema hilo nalo nifute, Uilani hakulala kwenye kitanda hiki.

Basi nikamuuliza yeye aliyelala, kama amenisamehe.

Akatazama beseni nililokuwa nimeliweka tayari pembeni ya kitanda. "Maji yanapoa," akasema.

Nisalimie shemeji Makoa, nibusie watoto, na wape salamu watu wote wa Kona mnaokutana nao huko kanisani kwenu. Mama anakusalimu, amesema niandike kuwa anakula vizuri sasa. Naenda kumwosha.

Ni mimi, dada yako,
Leimomi